HiAce ya zamani na dola 1,800 mkononi: tuanzie wapi?

«Papa Fundi, jambo. Mimi na mdogo wangu tumenunua HiAce ya mwaka 1994, injini ya mazutu (dizeli) aina ya 3L. Ilikuwa imelala miaka miwili chini ya mwembe kule Katuba. Tuliipata kwa bei ndogo na sasa tumebaki na dola 1,800, basi. Tunataka asubuhi ibebe mboga na samaki kwa ajili ya mama watoto, anauza soko la Kenya hapa Lubumbashi, na mchana tupakie watu. Inawaka vizuri, lakini tulipoijaribu barabara ya Likasi na mzigo, ilichemsha mara mbili kwenye vilima. Jirani alitoa termostati akasema itapona; bado inachemsha. Chini ya kiti cha nyuma kuna tundu, unaona barabara. Breki inashika ukikanyaga mara mbili. Fundi wa injini anasema tununue injini ya okazio, iliyokwisha kutumika, kwa dola 1,200. Fundi wa bati anasema tuanze na mastiki ya kuziba matundu na rangi, maana gari likipendeza polisi wa barabarani hawatusumbui na abiria wanapanda. Kila mmoja anavutia kwake. Tuanzie wapi? Au tuiuze kabla haijatumalizia pesa?»

Ndugu yangu, asante kwa kueleza kila kitu wazi, hata yale ambayo watu huyaficha wakishanunua. Naona kinachokuumiza ni kwamba pesa iliyobaki inatosha kufuata shauri moja tu, na ukichagua vibaya hakuna ya kurudia. Kwa hiyo nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate: usinunue injini, usipake rangi. Anza na breki, kisha chuma cha chini, kisha joto la injini, kwa mpangilio huohuo. Na kuanzia leo mpaka breki ishike kwa kanyago la kwanza, asipande mtu ndani ya gari hilo zaidi ya shofere. Hata mama watoto asipande, hata kama ni kwenda sokoni tu na kurudi.

Mafundi wako sidhani kama wanakudanganya. Wa injini anasikiliza injini, wa bati anaangalia bati, na kila mmoja anakuambia anachokijua. Lakini katika barua yako sioni mahali ambapo mmoja wao alilala chini ya gari na tochi. Hilo ndilo linalokosekana, na ndilo la kufanya kabla ya kutoa franka moja.

Kuna jambo la kabla ya hilo, nalipita haraka. Chukua karte roze, yaani kadi ya gari, soma namba ya chasisi, kisha itafute ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari na uzilinganishe herufi kwa herufi. Fanya hivyo pia kwa namba ya injini. Kama hazilingani, au kama jina la aliyewauzia silo lililo kwenye karatasi, simamisha matengenezo yote mpaka mambo hayo yanyooke. Gari lisilo na karatasi safi halina bei siku ya kuliuza, hata ulitengeneze namna gani.

Sasa tundu la sakafu. Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo, kuliko kule kuchemsha. HiAce ya aina yako haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Vyuma viwili vinene vinavyopita chini kutoka mbele hadi nyuma, tunavyoviita lonjeroni, vimeunganishwa na sakafu pamoja na kuta, na vyote kwa pamoja ndivyo vinavyobeba uzito. Springi za nyuma zimefungwa humo. Viti na mikanda ya abiria vimefungwa kwenye sakafu hiyohiyo. Kwa hiyo kutu ya sakafu katika HiAce inakula mwili unaobeba gari zima, na siku ya ajali kiti kinang'oka pamoja na mtu aliyekikalia.

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Chini ya mwembe, gari lililosimama misimu miwili ya mvua lilikuwa navyo vyote. Udongo wetu mwekundu ukishajipaka chini ya gari na kujaa kwenye pembe hukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, nje unaona pamekauka kumbe ndani bado pana maji. Halafu magari mengi ya umri huo yalitoka Japani, na sehemu za kaskazini za nchi ile humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Inawezekana kabisa kwamba yako ilishuka meli Dar es Salaam au Durban ikiwa tayari imeanza kuliwa, kabla ya kuvuka Kasumbalesa.

Ndiyo maana mastiki haitibu. Mastiki ya bati hunyonya unyevu, na rangi iliyopakwa juu yake haizuii hewa na maji kupenya pembeni. Chini yake kutu inaendelea, na kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inavimba na kuisukuma mastiki ijitenge. Msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, unatosha kukuonyesha malengelenge kwenye rangi mpya. Utakuwa umelipa, na tundu litakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Kukagua hakuhitaji mashine. Osha chini kwa maji mengi mpaka udongo wote utoke, acha pakauke, kisha chukua bisibisi pana na nyundo ndogo. Gonga lonjeroni yote, kipande kwa kipande. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, na ukikichoma kwa bisibisi kinaingia au kinabanduka kwa tabaka. Kaa sana kwenye sehemu hizi: springi za nyuma zinapofungwa mbele na nyuma, juu ya magurudumu ya nyuma, chini ya mlango wa kusukuma, mkono wa gurudumu la mbele unaposhikwa, na usukani unapofungwa kwenye mwili. Weka alama ya chaki kila palipo laini, piga picha kwa simu.

Ukikuta kuoza kuko kwenye sakafu tu na labda kipande kifupi cha lonjeroni mbali na springi, kazi inafanyika na bei yake inavumilika. Mchomeleaji akate mpaka afike kwenye chuma king'aacho, asibandike juu ya kilichooza. Kwa lonjeroni atumie bati la milimita 2, kwa sakafu milimita moja hadi moja na robo. Usikubali mabati ya nyumba, ni membamba mno, na ile zinki iliyoyapaka ikiungua hutoa moshi unaompa mchomeleaji homa kali usiku. Achomelee vipande vifupifupi akiruka huku na huku ili bati lisijikunje, na atumie elektrodi nyembamba za milimita 2, au mashine ya waya kama anayo. Kabla hajawasha, betri itolewe, tangi la mazutu lishushwe chini kabisa, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Baada ya hapo asage, apake rangi ya kwanza yenye zinki, na viungo vyote azibe kwa gundi ya bati. Ile sehemu ya ndani ya lonjeroni ambayo mkono haufiki, nyunyiza nta au grisi iliyoyeyushwa kupitia matundu yaliyopo. Wengi hupaka mafuta machafu ya injini. Yanasaidia chuma kiasi fulani, lakini yakigusa raba za springi na mipira ya breki yanaziharibu, kwa hiyo mimi siyapendi chini ya gari la abiria.

Umesema samaki. Tafadhali lizingatie hili, maana sioni watu wakiliwaza. Makayabu, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, ni chumvi tupu, na tomsoni, yule samaki wa baharini anayeuzwa akiwa ameganda, akianza kuyeyuka hutoa maji yenye chumvi. Maji hayo yakishuka kwenye sakafu uliyolipia jana, kutu inarudi kwa kasi kuliko ya mvua. Tandika bashi (turubai) zima lisilo na tundu, samaki wakae kwenye mabeseni, na kila jioni mwaga maji safi ndani, fungua milango, gari likauke. Chini ya kizingiti cha mlango wa kusukuma kuna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa waya, karibu kila mara vimezibwa na matope.

Tuje kwenye breki. Kushika kwa mara ya pili kuna maana zaidi ya moja, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Kama kanyago la pili ni gumu na linabaki gumu, mara nyingi viatu vya breki za nyuma, vile vipande vinavyobana ngoma ya gurudumu kwa ndani, viko mbali mno na ngoma, kwa sababu kile kifaa cha kujirekebisha kimeganda kwa kutu. Ukisikia kanyago ni laini kama lina mpira ndani, kuna hewa kwenye mabomba. Na ukilikanyaga ukalishikilia gari likiwa limesimama, kisha likashuka polepole lenyewe, mipira ya pampu kuu imekufa au kuna mahali panavuja. Ya kwanza haina gharama kubwa, inataka kufungua, kusafisha na kurekebisha. Ya mwisho inataka mipira mipya ya pampu kuu au pampu nzima.

Vyovyote iwavyo, mafuta ya breki yaliyokaa humo miaka miwili yatolewe yote. Mafuta hayo huvuta unyevu wa hewani hata kopo likiwa limefungwa kwenye gari. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji inashuka mpaka karibu 140. Unateremka kilima na mzigo, ngoma zinapata moto, mafuta yanachemka ndani ya silinda ya gurudumu, yanageuka mvuke, na kanyago linazama mpaka sakafuni. Kama mwenye gari wa zamani aliweka mafuta ya injini au ya haidroliki, utaona mipira imevimba. Hapo hakuna njia ya mkato, mipira yote ibadilishwe na mabomba yaoshwe. Angalia pia mabomba ya mpira ya magurudumu ya mbele: yakunje kwa vidole, ukiona nyufa, toa.

Katikati ya ekseli ya nyuma na mwili kuna valvu yenye mkono mrefu inayopima uzito wa mzigo na kugawa nguvu ya breki. Kwenye gari lililolala huwa imeganda, au mtu ameifunga kwa waya. Ikiganda kwenye hali ya gari tupu, siku umebeba mzigo mzito magurudumu ya nyuma hayasaidii vya kutosha kusimama. Fundi wako aihakikishe inacheza. Na ukiwa hapo, soma tairi. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Tairi la umri huo linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka, kwa sababu raba imekauka. Tafuta zenye alama C, za gari la mzigo. Za gari dogo hazikutengenezwa kubeba uzito huo.

Sasa kuchemsha, jambo lililokufanya uandike. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwenye urefu huo maji ya wazi hayangoji nyuzi 100. Yanachemka karibu na 96. Injini yako hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 na zaidi kidogo, na ikipanda kilima na mzigo inasogea juu. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kinachokuokoa ni kifuniko cha radiatere. Hicho, kama sufuria ya maharage iliyowekewa jiwe juu ya kifuniko, kinabana mvuke ndani, na maji yaliyobanwa yanachelewa kuchemka. Kifuniko kizima chenye alama 0.9 kinasogeza mchemko mpaka kupita nyuzi 110. Kilichokufa raba au springi kinakurudisha kwenye 96, na HiAce yako inachemsha hata kama injini haina ugonjwa wowote. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja leo. Nunua kipya chenye alama ileile, na usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Nimeona nyuso zilizoungua.

Kutoa termostati hakuponyi, na kwenye injini nyingi za Toyota kunaongeza ugonjwa. Termostati hiyo ina kazi mbili. Injini ikipata moto inafungua njia ya kwenda kwenye radiatere, na papo hapo inafunga njia fupi ambayo maji hupita yakirudi moja kwa moja kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini tu, haioni hewa. Asubuhi utaona sindano ya joto iko chini ukadhani umepona, kilimani inapanda. Rudisha termostati, mpya, na uijaribu kwanza ndani ya sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

Baada ya hapo angalia feni. Injini ikiwa ya moto, izime, kisha zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikupe ukinzani. Ikizunguka bure kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa, ile kaplingi yake ya mafuta mazito imekufa, na kwenye mwendo mdogo wa kilimani hakuna hewa inayopita. Lile kava la plastiki linaloizunguka feni liwepo pia, wengi hulitupa. Radiatere ioshwe kwa nje kutoka upande wa injini kwenda mbele, maji ya kawaida tu yasiyo na nguvu kubwa, maana vumbi letu la kiangazi hujipachika katikati ya yale mapezi na kuyaziba. Kwa ndani, fikiria maji uliyokuwa unatia. Ukiona gaga nyeupe chini ya birika lenu nyumbani, ujue gaga hilohilo linajengeka ndani ya mabomba membamba ya radiatere. Tia kulantu, ile dawa ya maji ya radiatere, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Ukishindwa na bei yake, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima, lakini kulantu hata theluthi moja inazuia kutu ndani ya injini, na kwa gari mnalotaka liwalishe ningejinyima kingine niinunue.

Kuna kitu kimoja cha HiAce ambacho mafundi wengi hawakiangalii. Kama yako ina hita ya nyuma, kuna mabomba mawili ya chuma yanayopeleka maji ya moto chini ya sakafu mpaka nyuma. Nayo huoza kama sakafu. Yakivuja tone kwa tone barabarani huoni dimbwi, unaona tu kwamba kila asubuhi maji yamepungua. Huku kwetu hita ya nyuma hatuihitaji. Fundi anaweza kuyaunganisha mbele na kuyafunga. Na mkijaza maji upya, egesha gari pua ikiwa juu ya mwinuko, fungua hita ya mbele iwe kwenye moto, acha injini iwake kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi mpaka mapovu yaishe. Hewa iliyonaswa kwenye kulasi, yaani kichwa cha injini, inaunguza kana kwamba hakuna maji.

Hapo tumefika kwenye swali la injini. Gari lako limechemsha mara mbili, na hilo linaweza kuwa limeikunja kulasi au kuiunguza gasketi yake. Jua ukweli kabla ya kununua chochote. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua radiatere, jaza maji, washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, hata baada ya hewa yote kutoka, au bomba la juu likawa gumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili ukishafunga kifuniko, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Angalia kifuniko cha mafuta: uji mweupe au wa kahawia unamaanisha maji yamechanganyika na mafuta. Ukiona hivyo, kulasi ifunguliwe, ipelekwe kwa mwenye mashine aipime unyoofu na kutafuta nyufa, hasa kati ya valvu. Wasiisage kwa jiwe la mkono. Mkunjo wa sehemu mbili za kumi za milimita unatosha kuua gasketi mpya.

Ukiona hakuna dalili hizo, mlipe fundi akupimie kompresioni, yaani mbano ndani ya mitungi (silinda) ya injini. Kwa injini yako kila mtungi uwe juu ya baa 20, na tofauti kati ya mitungi isizidi 5. Ikifika hapo, injini ya okazio ni kutupa dola 1,200. Ile nyingine nayo imetoka kwenye gari la mtu, hujui ilichemsha mara ngapi, na itakuja kufungwa kwenye radiatere ileile, kifuniko kilekile, feni ileile iliyokufa. Nayo itachemsha kwenye kilima kilekile. Injini ya okazio ina maana pale tu mitungi imechoka au bloku imepasuka, na hata hapo dai ipimwe kompresioni mbele ya macho yako kabla ya kulipa.

Kitu kimoja cha injini msikisubirie: mkanda wa taimingi. Injini za familia hii zina mkanda wa raba, unabadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na hakuna anayejua wenu ulibadilishwa lini. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Ubadilisheni sasa pamoja na tensiona yake, na mwangalie pompi ya maji mkiwa mmefungua. Mazutu ya miaka miwili yatolewe, tangi lioshwe, filta mpya, maji yakamuliwe chini ya filta. Na kwa majuma ya kwanza jazeni kwenye stesheni. Chupa za makadhafi, wale wauza mafuta wa kando ya barabara, zina maji na uchafu mara nyingi kuliko pompi yenu ya sindano inavyoweza kuvumilia.

Pesa sasa. Kama ingekuwa yangu, ningeweka 300 kwa mama watoto na kusahau kwamba ipo mpaka gari limetembea mwezi mzima. Breki na tairi ningezipangia hadi 450, kuchomelea 400, mambo ya maji pamoja na mkanda, mafuta na filta 350, karatasi zote na kontroli tekniki (ukaguzi wa hali ya gari) 200, na 100 inayobaki ni ya ukaguzi na vipimo. Hicho ni kikomo cha kila sehemu, msiseme kimebaki basi tuongeze rimu. Kama kulasi itahitaji kufunguliwa, ile 300 ndiyo kazi yake, na rangi inasogea mwaka ujao. Vipande vya kuchuja mafuta na raba vinunuliwe vipya. Milango, viti, taa na vioo tafuteni vya okazio bila wasiwasi. Vitu vya breki vya okazio, hapana, hata ukipewa bure.

Kuhusu kupakia watu, naomba nikuambie ninavyofikiri hata kama hukuuliza. Kama HiAce yenu ni ya Japani, usukani uko kulia na mlango wa kusukuma uko kushoto. Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo abiria wako atashukia katikati ya barabara, kwenye pikipiki na malori, si kwenye ukingo. Wapo watakaokuambia wakate mlango mpya upande wa pili. Ukuta huo unabeba uzito, ukiukata bila kuufunga tena kwa chuma kinachostahili unalegeza gari lote. Wapo watakaokuhamishia usukani kwa kukata bomba lake na kulichomelea. Msikubali kabisa. Kiungo cha kuchomelea kikiachia njiani, shofere anabaki na mduara mkononi na magurudumu yanakwenda yanakotaka. Mimi ningebeba mboga na samaki peke yake kwa miezi kadhaa, gari lijilipe, nanyi mlijue tabia zake. Mkija kuanza kupakia watu, awepo mtu wa kufungua mlango ambaye anashuka kwanza na kuangalia nyuma, kila kituo.

Rangi mnayoambiwa itawapendezesha kwa polisi, wala hawaangalii hiyo. Wanaangalia karatasi, taa, tairi, kioo kilichopasuka. Baada ya kuchomelea, sehemu mpya zipakwe zisishike kutu, hata kama rangi hazifanani. Wateja wa mboga hawajali.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyaamua. Kama alama zako za chaki zitaangukia pale springi, mkono wa gurudumu au usukani unapofungwa, usimruhusu mchomeleaji aanze kabla gari halijawekwa juu ya shimo la ukaguzi na fundi mzoefu wa miili ya magari, asiye na kazi ya kukuuzia, akaingia chini na kukuambia kama kuna chuma kizima cha kushikia. Mlipe kwa ushauri wake tu. Vivyo hivyo kama baada ya breki kutengenezwa gari linavuta upande mmoja, au usukani una mchezo mkubwa, lisitoke mtaani kwenu bila kuangaliwa ana kwa ana.

Na akikuambia lonjeroni zote mbili zimeoza kwenye springi, basi uzeni, bila aibu. Lakini uzeni kwa vipande: injini ya 3L iliyopimwa kompresioni, giaboksi, ekseli, milango na vioo vina soko Lubumbashi nzima, na mara nyingi vikijumlishwa vinazidi bei ya gari zima bovu. Mtu akitaka kulinunua kama lilivyo ili alitembeze, mwonyesheni zile alama za chaki kabla hajatoa pesa, maana naye atapakia watu.